Mkono wa Diwani

Diwani mzima alipanda basi siku hiyo kwa sababu gari lake lilikuwa gereji, akavuta kofia hadi kwenye nyusi. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mshonaji na fundi bomba, watu wasiojuana, walikuwa wakibishana.

"Nyumba za bei nafuu zimekataliwa kwa kura moja tu! Mwenye kura hiyo kahongwa," alisema mama.

"Hapana, mama. Nilikuwa palepale ukumbini mwa madiwani natengeneza bomba. Yule mzee alikuwa amelala fofofo. Aliposhtuka akaona wenzake wamenyoosha mikono, naye akanyoosha wake. Hata hakujua wanapinga nini."

"Usimtetee, kaka! Mimi na wanangu wanne tunalala chumba kimoja na cherehani."

"Simtetei. Afadhali angekula rushwa, mla rushwa angalau huwa macho."

Masikio ya diwani yakawaka moto. Yeye alikuwa amemwambia mkewe kwamba alipiga kura kwa dhamiri yake.

"Kengele mbovu! Anayeshuka anyooshe mkono!" kondakta akapaza sauti.

Diwani akautazama mkono wake uliotulia pajani, ule ule wa juzi. Leo, akiwa macho kabisa, ukagoma kunyanyuka. Basi likakipita kituo chake.