Kamera Inayosubiri Tabasamu

Risala ya Watazama Nyota wa Ua wa Dobi kwa mgeni rasmi, mfadhili wetu wa kamera na taa

Mgeni rasmi, waheshimiwa mlioambatana naye, na majirani mliosimama kwa kuwa viti vimekaliwa na walioambatana naye,

MAKARIBISHO

Karibu sana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumeugua vya kutosha. Kadi ilisema saa nane mchana, nawe umeingia giza likiwa limeshatanda. Wapo walionuna. Sisi tunakushukuru kwa dhati kwa kuchelewa, na sababu utaiona mwishoni.

HISTORIA YETU

Kikundi kilianzishwa na Mama Pasi, dobi wa mtaa huu, yule aliyeketi karibu na kamba za nguo. Jioni moja, akianua nguo za mwisho, alituonyesha kilimia, kile kishada cha nyota, kwa macho matupu. Akatuambia kwamba huko juu mna mawingu ya gesi na makundi ya nyota ambayo jicho haliyaoni, ila kamera ikiachwa wazi kwa muda huyakusanya kidogo kidogo, kama ndoo chini ya bomba linalovuja. Tangu siku hiyo anataka kitu kimoja tu: picha ya wingu la gesi, aliyoipiga yeye mwenyewe, aitundike juu ya meza yake ya pasi.

Hatukukurupuka. Mama Pasi alimwendea fundi kamera, akauliza maswali kama mzazi anayechunguza mkwe. Fundi akamwambia, "Mama, usihangaike na mpya. Chukua ya mtumba, ila lenzi iwe ya kutoka na kubadilishwa, kamera ikubali kukaa wazi sekunde nyingi, na uisimamishe kwenye stendi nzito isiyotikisika. Mengine yote mapambo." Akamtolea moja kuukuu, imechubuka kila pembe, kifuniko cha betri kimeshikwa na selotepu. Mama Pasi akaona lulu. Apendaye chongo huita kengeza. Michango ilikuwa tayari.

MAFANIKIO

Hapo ndipo uliposikia habari zetu, ukaguswa. Msaidizi wako alikuja mbio, "Acheni aibu ya mitumba! Mheshimiwa analeta mpya."

"Sawa, mwanangu," Mama Pasi akamwambia, "lakini iwe na lenzi ya kutoka."

"Mama, kamera ni kamera."

Ikaja. Rangi ya waridi, inang'aa, lenzi imegandana nayo kama konokono na nyumba yake. Ina kipaji kimoja kikubwa: haipigi picha mpaka ione mtu anatabasamu. Tulitafuta pa kukizima kipaji hicho, hatukupaona. Tukaielekeza angani, tukasubiri. Nyota, mgeni rasmi, hazikutabasamu. Ikabidi mweka hazina asimame mbele acheke. Leo tuna albamu nzima ya meno ya mweka hazina, na nyuma yake weusi mtupu. Mafanikio yetu ni hayo.

CHANGAMOTO

Ungeishia kwenye kamera tungemeza mate tukanyamaza. Lakini uliambiwa tunakaa gizani, ukatuonea huruma, ukatusimikia taa ya nguzo katikati ya ua. Ile michango ya kamera, msaidizi wako akaielekeza kwenye saruji ya nguzo, pale lilipochongwa jina lako. Tangu hapo kilimia hatukioni. Tunachokiona vizuri ni jina lako.

Mama Pasi siku hizi anaanua nguo bila kuinua macho. Jambo hili linatuuma, na hatuoni haya kulisema mbele yako. Na leo umekuja kutuzindulia taa ya pili.

MAOMBI

Hatuombi makubwa. Ile kamera kuukuu ipo bado. Fundi anawanyima wateja kwa ajili ya Mama Pasi. Tubadilishie. Hii ya waridi ichukue mwenyewe, itakufaa kwenye hafla, ambako watu hutabasamu wakitakiwa. Taa ya pili ipeleke nyuma ya zahanati, ambako wauguzi hutoka kazini wakipapasa ukuta. Huko watakuombea dua kila siku.

Limebaki la swichi. Tuliagizwa tuandae swichi yenye utepe mwekundu, na hiyo hapo mbele yako. Fundi umeme ni mwanachama wetu. Taa ya pili hakuiunganisha. Swichi hiyo ni ya taa ya kwanza, na leo kazi yake ni kuzima. Ndiyo maana tulikushukuru kwa kuchelewa. Saa nane ungezima taa ukakutana na jua.

Bonyeza, mgeni rasmi, kisha inua macho pamoja na Mama Pasi. Kamera yako ya waridi tumeshaielekeza usoni pako. Inasubiri utabasamu.

Mola akujalie afya, umri mrefu, na giza la kutosha.

Ni sisi,
Watazama Nyota wa Ua wa Dobi

Imesomwa kwa niaba yao na mweka hazina, yule wa kwenye albamu.