Msikiite Mradi

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Nathaniel, zima hiyo simu. Godson, acha kutazama nje, basi la Kasulu litakwenda bila wewe. Herieth, niinue kidogo, nataka kuwatazama ndugu zako usoni.

Nitasema waziwazi kama nilivyosema siku zote, na atakayeudhika audhike nikiwa bado nipo.

Shamba la migomba ni la Nathaniel, kwa kuwa ndiye aliyelipalilia. Nyumba hii na shamba la tangawizi ni vya Godson, mwanangu mkubwa. Hapo hamna ubishi. Ubishi uko kwenye kile kiwanja cha barabarani, chenye nyumba ambamo kina mama wa hapa Kitahana huwaacha watoto wadogo wakienda kulima, na mabinti waliokatishwa shule na mimba hujifunza kushona. Juzi mlidhani nimelala. Nilikusikia, Godson, ukimnong'oneza mdogo wako kwamba mama akiondoka mradi nao umeisha, pale tujenge fremu za maduka. Nilinyamaza kwa kukosa pumzi, si kwa kukubali.

Neno hilo, mradi, nalijua. Mimi niliyejifundisha kusoma kwenye magunia ya unga wa msaada, nililisoma kwenye kibao cha wale wageni waliotuletea mabati, na siku gari lao lilipoondoka na kibao chao, kesho yake nikamkuta jirani yetu Pasikali juu ya paa la nyumba ile, anayang'oa. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama Godson, si mradi umeisha? Yako nimeyaweka kando, yale yasiyo na matobo." Hakuwa mwizi, msimwite hivyo hata nikifa. Huku kwetu, tangu wakimbizi waanze kuja na magari ya mashirika nyuma yao, tumezoea hivyo: gari likishaondoka, watu wanagawana kilichobaki. Lakini hasira yangu mnaijua. Niliondoa ngazi nikamwacha huko juu na jua lake, nikamwambia atashuka akisharudisha msumari wa mwisho. Akarudisha, ananitukana kwa Kiha na mimi namjibu. Wajukuu zake wamekulia humo humo.

Tangu hapo halijaja gari. Unga wa uji wanaleta kina mama wenyewe, kila mmoja kwa kadiri alivyovuna, na cherehani anazisimamia Niyibizi, aliyezaliwa Burundi akaolewa hapa, ambaye mabinti wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi. Sasa nani atasema umeisha, na ataondoka na gari gani?

Kwa hiyo kiwanja kile si cha mtoto wangu yeyote. Ni cha kikundi cha kina mama hao. Nilipewa na kijiji kwa jina langu, hakihusu ukoo wa baba yenu, na mwenyekiti alisimama akashuhudia nikipanda minyaa mpakani. Herieth atakilinda. Wazee watasema binti aliyeolewa hana neno kwenye ardhi ya kwao. Wajibuni kwamba mama ndivyo alivyosema, na mama hakuwa mtu wa kubishiwa.

Nilaze sasa, Herieth. Taratibu... ngojeni, bado sijamaliza.

Msigombane mbele ya watu. Mungu awape afya, awape watoto wanaosikia kuliko mlivyonisikia ninyi, awape kinywa kisichosema hili huku na lile kule. Na siku ya kunizika, nyumba ile isifungwe. Wale wadogo wanywe uji wao kwanza, waombolezaji wakae wasubiri... hata mimi nitasubiri. Godson, utaukoroga wewe. Wewe mwenyewe, si mkeo. Uwahi... kuni za kule huwa mbichi... na usiuache ukaungua.