Kichwa Chini Dirishani

ZULFA: Haloo? Nani mwenzangu?

LUQMANI: Mimi dada, Luqmani. Shikamoo.

ZULFA: Marahaba. Mbona namba ngeni?

LUQMANI: Simu ya Renatus, wa duka la jirani. Yangu imezima chaji. Vocha yake kidogo, kwa hiyo—

ZULFA: Subiri nitoke, humu ofisini mtandao unakwaruza. [Mlango.] Haya. Ngara hamjambo? Wifi yangu Fathiya?

LUQMANI: Mzima. Dada, hesabu za studio zimefunga.

ZULFA: Zimefunga nini?

LUQMANI: Zimekubali. Pesa ya kwenye kopo na ya kwenye daftari, sawasawa. Hakuna anayedaiwa.

ZULFA: Wewe? Wewe uliyekuwa unanunua samaki kwa pesa ya mkanda wa kamera, halafu unaniuliza mimi huku Biharamulo picha zitakwendaje Mwanza kusafishwa? Leo nanunulia ofisi nzima soda. Niwaambie diploma yangu ya uhasibu imeokoa mtu mmoja.

LUQMANI: Ee.

ZULFA: Mbona "ee" ya mgonjwa? Na wale wadeni uliowaning'iniza dirishani kama popo?

LUQMANI: Wameisha. Wa mwisho kalipa leo asubuhi.

ZULFA: Wallahi nilicheka uliponiambia. Mimi nikasema weka alama, wewe ukageuza picha za watu miguu juu.

LUQMANI: Ilisaidia. Mtu akipita kwenda sokoni, akijiona vile, analipa. Dada, nikuulize. Mtu akikulipa kwa maharage, unaandika upande gani?

ZULFA: Maharage tena? Si tulikubaliana? Vitu vya kula usiniletee kwenye daftari. Andika pesa tu.

LUQMANI: Ndivyo nilivyofanya.

ZULFA: Haloo? Unakatika-katika—

LUQMANI: Nasema ndivyo nilivyofanya.

ZULFA: Nani kakulipa maharage?

LUQMANI: Mama mmoja wa kambini kwa wakimbizi, Kalista. Mwezi juzi alimleta mama yake apigwe picha, bibi kizee, tukamkalisha kwenye kile kiti chekundu. Pesa hakuwa nayo. Akanipa maharage ya posho, kisado kizima. Nikapeleka nyumbani.

ZULFA: Na daftarini?

LUQMANI: Wewe hukutaka maharage daftarini.

ZULFA: Usinirushie mimi.

LUQMANI: Sikurushii. Nasema daftarini alionekana hajalipa.

ZULFA: Ukamgeuza bibi wa watu.

LUQMANI: Nikamgeuza.

ZULFA: Sasa kaja kugombana?

LUQMANI: Angegombana ningeshukuru. Bibi kafariki, dada. Picha yake ni hiyo tu. Na kesho malori yanawarudisha kwao Burundi, ndiyo kaja kuichukua.

ZULFA: Akamkuta—

LUQMANI: Alisimama nje ya kioo, akapinda shingo hivi, mpaka kilemba kikamdondoka. Anautafuta uso wa mama yake.

ZULFA: Ya Rabi.

LUQMANI: Halafu akaingia, akauliza anadaiwa ngapi.

ZULFA: Hukukumbuka maharage?

LUQMANI: Nilikuwa nimeshika daftari. Nikamsomea.

ZULFA: Na yeye asiseme kwamba ali—

LUQMANI: Alinitazama tu. Kisha akafungua pindo la kitenge, akaanza kuhesabu sarafu.

ZULFA: Ukapokea.

LUQMANI: Nikamwandikia na risiti.

[Mkwaruzo.]

LUQMANI: Dada? Haloo?

ZULFA: Nipo.

LUQMANI: Ndiyo hesabu zikafunga. Mchana huu Fathiya kaniletea chakula dukani. Nikamsifu, nikamwambia haya maharage hayana mfano, umenunua wapi? Akasema, "Si yale ya yule mama wa picha? Ndiyo ya mwisho hayo."

ZULFA: Ukamaliza sahani?

LUQMANI: Dada, na wewe.

ZULFA: Basi. Nisamehe.

LUQMANI: Renatus anakwenda kambini sasa hivi na pikipiki. Nataka ampelekee pesa yake. Niliuliza tu hiyo ikitoka naiandikaje.

ZULFA: Renatus ndiye ampelekee.

LUQMANI: Ee.

ZULFA: Na atamwambia ni ya nini?

LUQMANI: Atasema... chenji. Alisahau chenji.

ZULFA: Luqmani.

LUQMANI: Sina uso wa kumtazama yule mama.

ZULFA: Hata mimi. Kule shule hawakutufundisha maharage, nikadhani basi hayahesabiki. Sasa panda hiyo pikipiki, ukae nyuma ya Renatus.

LUQMANI: Getini wataniuliza nimefuata nini.

ZULFA: Waambie unadaiwa.

LUQMANI: [Honi.] Nakuja, Renatus! — Dada, simu inalia, vocha inakwisha. Nikimkuta naanzaje?

ZULFA: Ni mkubwa kwako?

LUQMANI: Kwa mbali. Anakaribia kuwa na umri wa mama yetu.

ZULFA: Asubuhi alipoingia dukani, ulimwamkia?

[Mkwaruzo.]

ZULFA: Mdogo wangu?

LUQMANI: Nilisema, "Jina?"

ZULFA: Basi kaanze na shikamoo.

LUQMANI: Na asipoitika—

[Tii. Tii. Tii.]