Gego la Tarumbeta na Mkono wa Shemeji

Ndugu waombolezaji, mliopata viti na mliokosa, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, dalali wa mnada, tuliyemwita Tarumbeta.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, chumba cha nyuma ya kiwanda cha sabuni, akalia kilio ambacho walinzi walidhani ni king'ora, wakafungua geti, wafanyakazi wote wakarudi makwao. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, akaingia mnadani 1975, akiuza kabati bovu huku mlango wake ameuzuia kwa goti. Alifunga ndoa tarehe 4 Juni 1983, akajaliwa binti mmoja, pamoja na shemeji ambaye hakumwomba, kaka wa mkewe, dalali mwenzake.

Mwaka 1991 gego lake la mwisho, lile wanaloliita jino la hekima, liliota limelala ubavu, likalisukuma jino jirani, taya likakaza hata kijiko hakipiti. Daktari wa meno alimwonyesha picha, akamweleza kwamba gego la hivyo likiwa kimya laweza kuachwa likiangaliwa, ila hili limeshaanza kuliozesha jino jirani, litolewe. Shemeji akamshauri aliache, ati hekima yote itatoka nalo, kisha akashika kipaza sauti cha Tarumbeta akatamba nacho mpaka Septemba, kumbe la kwake la kulia alishaling'oa kimyakimya, siri aliyokuja kuropoka dada yake mwenyewe.

Tarumbeta aling'olewa gego, akapona, akasubiri. Mwaka uliofuata gego la kushoto la shemeji nalo likalala ubavu, akaja mnadani shavu kama mto wa kulalia, na kwetu mnadani anayeinua mkono amepandisha bei. Kila alipoinua mkono kushika shavu, Tarumbeta akampandishia, kukanusha hawezi, taya limekaza, mpaka nyundo ikagonga, akawa mwenye kiti kibovu cha kung'olea meno, kipo sebuleni kwake hadi leo, wageni wanakikalia wamefumba midomo.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akafariki wodini alfajiri ya tarehe 17 Mei 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Tunawashukuru madaktari wa figo, na yule wa meno, majirani, na madalali wote kasoro mmoja. Kwa agizo la marehemu kipaza sauti kinakwenda kwa bintiye, na shemeji anayekikodolea macho tangu asubuhi aendelee kukodoa. Anayepinga ainue mkono, ila akumbuke kwetu mkono ukiinuka umenunua, na kiti cha pili tunacho.

Kaka, taya limepoa, umewamaliza wote, sasa pumzika kwa amani.