Shikamoo ya Mume Wangu

Acha kuguna, Pius. Unajisemea moyoni kwamba homa imempanda mama kichwani. Kichwa changu kizima, kifua ndicho kilichokwisha. Kichwa kilichoharibika ni cha baba yenu, na hakikuharibiwa na pombe, wala Zamzam hakumroga. Ningeshukuru sana kama angemroga! Ningemfuata pale pale sokoni Kariakoo nikampindulia kikaango chake cha vitumbua, yakaisha.

Ni ngumi. Baba yenu Tarsis aliwapigania ulingoni vijana wa karakana ya reli, na kila alipoangushwa akainuka, wakambeba mabegani mpaka mlangoni hapa. Waliombeba siwaoni leo. Daktari aliniambia ubongo wake ni kama yai lililotikiswa, ganda zima, ndani mchafuko. Nami nilikuwa nimeshaona. Alitia chumvi kwenye chai, akapotea njia ya kutoka kazini, akakupiga wewe, Severa, kwa sababu kifuniko cha sufuria kilianguka, kisha akakuuliza nani amekuumiza.

Hayo niliyameza. Lisilomezeka ni hili la shikamoo. Mume wangu wa kanisani ananiamkia! Namletea uji, anashusha macho kama mtoto mbele ya mwalimu: "Shikamoo, mama." Mwanzo nilidhani anazikejeli mvi zangu. Nikamwambia, "Tarsis, ni mimi Mektilda, mkeo." Akanitazama kwa huruma. "Mke wangu yuko sokoni, mama, atarudi sasa hivi."

Aliyeko sokoni ni Zamzam, aliyeishi naye kabla sijashuka kutoka Kilimanjaro, kabla ya padri, kabla ya ngumi ya kwanza. Ngumi zimenifuta mimi, zikambakiza yeye. Akisikia viatu vya mti vya Zamzam barabarani anafunga vifungo vya shati, uso wote unacheka. Namwosha mimi, anamchekea yeye. Chakula changu anakidonoa kwa adabu kama mgeni, cha Zamzam, akipita kumletea, anafuta sahani kwa kidole.

Sasa sikilizeni, wala msinikatize, pumzi ni chache. Nimewasikia mkinong'ona kumpeleka kwa vichaa. Hapelekwi. Nimekwenda kwa Zamzam kwa miguu yangu. Akaniambia, "Dada Mektilda, nitakaa naye, lakini naona haya." Nikamjibu, "Haya zako kaa nazo, mtu mchukue." Nyumba hii ni yenu wawili, ila chumba cha mbele ni cha Zamzam maadamu Tarsis anapumua, na atakayemtoa asije kunililia kaburini. Kitanda changu cha chuma kichukue wewe, Severa, leo hii, jua halijachwa. Yeye atandike jamvi. Mnacheka nini? Mume nimetoa, kitanda sitoi.

Na wewe, Pius, glavu za baba yako usizitafute, nimezichoma kwenye jiko la mkaa, zimenuka mtaa mzima. Nimeona unavyorusha mikono uani ukidhani nimelala. Ukitaka kutoa jasho, nenda kabebe magunia sokoni. Sitaki mke wako... ngoja... sitaki mke wako aamkiwe kama mimi.

Tena baba yenu akishtuka usiku msimshike mikono, atapigana. Mwiteni kwa jina, taratibu. Kelele za sufuria hazitaki. Akiuliza yule mama wa uji amekwenda wapi... kama atauliza... mwambieni amekwenda Magomeni kwa dada yake Benedikta, ndiko ninakokwenda kufia, maana viatu vile vya mti sitaki kuvisikia nikiwa kitandani.

Mungu awaweke, wanangu. Awape vichwa vya kuwajua wenzi wenu mpaka mzeeke. Basi. Nipe kanga yangu. Usinishike, nitatembea.

Huyo, mmemsikia? Kaniona na furushi, kasimama kunipisha. "Shikamoo, mama."

Marahaba, Tarsis. Marahaba, baba. Kaa, mkeo anakuja.

Achia kitasa, Severa. Mlango huu naufunga mwenyewe.