Tone Lililoanguka Bila Rangi: Shangazi Aweka Spana Chini

Shangazi anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kututumikia miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kufagia duka letu la kufulia na kukunja nguo za wateja. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa mashine zote za kufulia za ghorofa ya kwanza, zile zinazofunguliwa kwa juu, ambazo mafundi wa nje walishazikatia tamaa zaidi ya mara moja. Zote zinafanya kazi. Mwenye shaka apande ngazi akaangalie.

Ufundi hakuupata kwa bahati. Katika mwaka wake wa pili, fundi wa wakati huo alihitaji mtu wa kumshikia tochi. Shangazi akashika tochi na kuuliza maswali. Kwa maelezo ya fundi mwenyewe, maswali yalikuwa mengi kuliko skrubu. Fundi huyo alipohama alimwachia sanduku la vifaa. Baadaye kampuni ilimpeleka kozi ya umeme na mabomba, akarudi na cheti kizuri na lalamiko moja, kwamba mpishi wa chuo hajui kupima chumvi.

Jina la Shangazi amepewa na wateja. Hajawahi kumbembeleza mtu anayeshindilia nguo mpaka mfuniko ukakataa kufunga. "Mwanangu, hii ni mashine, si gunia la mkaa," humwambia, huku akitoa blanketi moja kati ya mawili. Mwashi mmoja aliyeleta ovaroli iliyoganda saruji aliambiwa akaikung'ute nje kwanza. Alinuna, akahamia kwa wenzetu wa mtaa wa pili, akarudi baada ya majuma machache. Siku hizi hukung'uta akiwa bado mbali, hata kabla hatujamwona.

Nyumbani kwake hana mashine ya kufulia. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu kabla yake, hufua kwa beseni na husema ameoa fundi wa watu wengine. Mganga hajigangi.

Lakini anayetaka kujua tunajivunia nini hasa kwa mama huyu, aulize habari za dari.

Chini yetu yupo mshonaji wa magauni ya harusi. Miaka minane iliyopita maji yalianza kudondoka kutoka kwenye sakafu yetu hadi kwenye meza yake ya kukatia. Hayakudondoka kila siku, ila siku za wateja wengi tu. Mshonaji alipanda kutuona mara ya kwanza na tabasamu, mara ya pili bila tabasamu, na mara ya tatu na kipande cha hariri chenye doa. Siku hiyo alimwita Shangazi "jirani yangu mpendwa" kwa sauti iliyowafanya wateja wawili wasogee pembeni. Mwenye jengo akasikia. Alikuja akatamka mbele ya wafanyakazi wote kwamba angerudi wiki iliyofuata, na akikuta dari imelowa, tuhame. Kuhama kulimaanisha kufunga. Mashine nzito namna ile hazikuwa na pa kwenda, na watu kumi wanaokula kwa mashine hizo hawakuwa na pa kwenda pia.

Hapo kosa likafanyika, na bisibisi ilikuwa mkononi mwa Shangazi mwenyewe. Kila mashine ya aina hii ina swichi inayopima kina cha maji. Mrija mwembamba wa hewa hupanda kutoka chini ya pipa hadi kwenye swichi hiyo. Maji yakipanda, hewa husukumwa, na swichi hukata maji. Skrubu yake ikigeuzwa kidogo tu, maji huingia pungufu au zaidi. Msimamizi na Shangazi walikubaliana kwamba mapipa yalikuwa yakijaa kupita kiasi na kumwagika wakati wa kukamua. Basi Shangazi akapunguza maji kwenye mashine zote.

Nguo zikaanza kutoka na sabuni. Wateja wakadhani hazikutakata, wakaongeza sabuni. Povu likainua mifuniko. Mama mmoja wa mapacha alitandaza shati jeusi la shule juu ya kaunta na kuuliza kama hapa tunafua au tunapaka chokaa. Na kule chini, siku ya wateja wengi, tone likadondoka kama kawaida yake.

Shangazi hakutafuta wa kumlaumu. Alisema waziwazi kwamba maji ameyapunguza na tone halikupungua, kwa hiyo ama halitoki ndani ya mapipa, ama yeye hajui kazi. Akateremka kwa mshonaji na kumwomba jambo ambalo mshonaji alilikataa mara mbili kabla ya kulikubali: aondoe vitambaa vyote, atandike shuka jeupe mezani, na juu kwetu kila pipa litiwe buluu ya kufulia. Buluu ikidondoka, mapipa yana kesi ya kujibu. "Shangazi wee," mshonaji akamwambia, "doa la buluu likionekana kwenye gauni la mtu, nguo nitakayokushonea ni sanda." Shangazi akamjibu kwamba amshonee yenye mifuko.

Mchana huo duka lilifungwa kwa wateja. Msimamizi akawasha mashine zote kwa pamoja. Shangazi alikaa chini, kwenye kiti cha mshonaji, macho darini. Mshonaji alisimama kando yake ameshika mkasi, ingawa hapakuwa na cha kukata. Mashine zilijaa, zikafua, zikamwaga, zikaanza kujaa tena huku buluu ikiongezwa, na ndipo msimamizi aliposikia kelele ya Shangazi ikipenya sakafu. Tone lilikuwa limeanguka kwenye shuka. Halikuwa na rangi yoyote.

Maji yasiyo na buluu ni maji ambayo hayajaingia mashineni. Yalikuwa yakitoka nyuma, kwenye mipira inayoleta maji kutoka bomba la ukutani. Mashine nyingi zikijaa pamoja, vali zilijifunga kwa kishindo, mabomba yakatikisika, na washa moja iliyochoka, kile kipete cha mpira kinachoziba maungio, ikaachia maji kidogo yaliyoteleza juu ya bomba hadi ndani ya ukuta. Sakafu yetu ilibaki kavu, ndiyo maana hakuna aliyeshuku upande huo.

Shangazi alibadilisha washa na mipira ya mashine zote, kisha akayabana mabomba ukutani yasitikisike. Baada ya hapo akaanza kurekebisha alichokiharibu. Aligeuza skrubu, akajaza pipa, akapima kwa kijiti cha mbao chenye alama, akamwaga, akarudia, mashine moja baada ya nyingine, mpaka nguo zikapata maji ya kuzisuuza bila pipa kufurika.

Mwenye jengo alirudi kama alivyoahidi. Alitaka mashine zote ziwashwe, akapanda ngazi ya mshonaji na kuipapasa dari kwa kiganja. Alishuka kiganja kikiwa kikavu, akamwomba mshonaji kiti, akakaa mpaka mashine zilipomaliza. Kisha akasema tubaki. Tangu hapo mkataba wa pango umesainiwa upya mara mbili.

Mafundi wawili wanaochukua nafasi yake wamepita mikononi mwake. Somo la kwanza alilowapa ni swali moja: maji haya yaliyovuja yameshafua au bado? Asiyeweza kulijibu haruhusiwi kugusa bisibisi, hata kama ana haraka, hata kama msimamizi ndiye mwenye haraka.

Tutamuaga Jumamosi tarehe 28, mchana, papa hapa ghorofani. Msimamizi alipendekeza mashine zizimwe ili hotuba zisikike. Mshonaji, ambaye ni mgeni mwalikwa, amekataa. Anasema Jumamosi ni siku ya wateja na wasinyimwe huduma kwa sababu ya hotuba. Chini ana gauni jeupe limetandazwa mezani, bibi harusi atalichukua Jumatatu, na hana mpango wa kulifunika.

Shangazi, ahsante sana kwa kazi yako. Furahia mapumziko uliyoyatolea jasho, na Mungu akujalie afya njema na siku nyingi za furaha pamoja na walio wako.