Nesi wa Nyayo

Mbele ya kibanda cha Fundi Soli palikuwa na benchi moja, birika la kahawa na watu wasiokosa la kusema. Fundi Soli, mshona viatu, alikuwa na maradhi mawili, sukari na kiburi, na hatujui yapi yalimzidi. Asubuhi hiyo alikuwa na kadi ya kliniki mfukoni: saa nne, akaangaliwe miguu. Hakubanduka. Alikunja nne, mguu juu ya goti, akanywa kahawa, maana alisikia atakayemwona si daktari, ni nesi.

— Nesi! Eti karudi shule mwaka mzima kusomea miguu tu. Mwaka mzima!

— Mimi vichwa nilijifunza wiki mbili, alisema Kinyozi. Na hajafa mtu.

Mzee Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alikohoa.

— Lakini shemeji yangu anafagia wodini. Anasema tangu aje huyo nesi, hawajakata mguu hata mmoja.

— Msumeno umewaharibikia hao! alisema Kinyozi.

— Inawezekana, alisema Redio. Ila mjihadhari. Leo nesi wa miguu, kesho nesi wa sikio la kushoto. Ukiumwa la kulia, unaambiwa mwenzake yuko likizo!

Benchi zima likaangua kicheko. Soli alicheka kuwashinda wote, kwa sababu alikuwa anaogopa. Kaka yake aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja.

Akatokea mwanamke aliyejifunga koti mpaka shingoni, anachechemea, kiatu kimoja mkononi, soli imeachama.

— Shikamoo, fundi. Nisaidie haraka, nachelewa kazini.

— Marahaba, mwanangu. Kaa. Miguu ya mtaa huu naijua yote, tena bila cheti!

Mwanamke hakucheka. Alikuwa anatazama ndala ya Soli, pale mguu ulipokunjwa.

— Baba, huo msumari ulikuingia lini?

Soli akageuza unyayo. Msumari mdogo wa viatu, wa kwake mwenyewe, ulikuwa umepenya ndala mpaka nyamani. Damu ilishakauka. Hakuwa amesikia maumivu yoyote; sukari ilishautia mguu ganzi.

Akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari.

— Saa nne imepita? Soli aliuliza, akitoa kadi mfukoni.

— Bado, baba. Na usiung'oe, tutautoa kule. Ila nishonee kwanza, siwezi kufungua kliniki ya miguu na mguu mmoja peku.